Joto lisilo na majivu: jibu kwa mwalimu aliyeuliza kuhusu muungano baridi wa viini

Swali: "Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Tulipofika kwenye mada ya nishati ya nyuklia, wanafunzi wangu wa kidato cha sita waligawanyika. Mmoja alisema kwamba muungano baridi uligunduliwa Marekani mwaka 1989, kisha ukazimwa na wenye visima vya mafuta. Mwingine alisema kwamba ulikuwa utapeli mtupu tangu siku ya kwanza. Mimi mwenyewe nimesikia kwamba mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti mpya unaokaribiana na jambo hilo. Niseme ni yupi mwenye haki? Na je, mtu mwenye akili timamu bado anaweza kulitumaini jambo hili?"

Jibu:

Mwalimu, nakushukuru kwa swali lako, na naomba uniwie radhi kwa urefu wa jibu, kwa kuwa jambo hili likijibiwa kwa maneno machache humdhulumu ama mwenye shaka ama mwenye tumaini. Nitangulize hukumu yangu ili usihangaike kuitafuta: wanafunzi wako wote wawili wamekosea. Mwaka 1989 hapakuwa na utapeli, wala baada yake hapakuwa na mkono uliouzima ugunduzi. Palikuwa na wanakemia wawili wenye heshima waliopima joto wasiloweza kulieleza, wakalipa jina la nyuklia kabla ya kuziona dalili za nyuklia, na dalili hizo hazijaonekana kwa namna ya kuridhisha hadi leo.

Tuanze na jina lenyewe. Viini vya atomi vina chaji chanya, kwa hiyo husukumana, na kadiri vinavyokaribiana ndivyo msukumano unavyozidi. Vikilazimishwa kusogeleana mno, nguvu nyingine iliyo kali zaidi, ile inayoshikamanisha protoni na nyutroni, huvinasa na kuviunganisha, na hapo hutoka nishati kubwa. Jua hulifanya hilo kwa uzito wake na kwa joto la nyuzi kama milioni 15 katika kitovu chake. Mitambo ya binadamu, isiyo na uzito wa Jua, huhitaji nyuzi zaidi ya milioni 100. Muungano baridi, ambao wengine huuita myeyungano baridi, ni dai kwamba jambo hilohilo linaweza kutokea mezani, ndani ya chombo cha kioo, katika joto la chumba cha kawaida.

Dai hilo lilitangazwa tarehe 23 Machi 1989 katika Chuo Kikuu cha Utah, mjini Salt Lake City. Watangazaji walikuwa Stanley Pons, aliyekuwa mkuu wa idara ya kemia ya chuo hicho, na Martin Fleischmann wa Chuo Kikuu cha Southampton, mmoja wa wanaelektrokemia mashuhuri kabisa wa zama zake na mwanachama wa Royal Society ya Uingereza. Chombo chao kilikuwa rahisi kukielewa: maji mazito, yaani maji ambayo hidrojeni yake ni deuteri, iliyo na nyutroni moja ya ziada katika kiini; kampaundi ya lithi ili umeme upite; fimbo ya paladi, metali adimu, kama kathodi (ncha hasi) na waya wa platini kama anodi (ncha chanya). Tangu miaka ya 1860, kwa kazi ya Thomas Graham, ilijulikana kwamba paladi hufyonza hidrojeni kama udongo mkavu unavyofyonza mvua ya kwanza, hata mara 900 ya ujazo wake. Walichofikiri ni kwamba deuteri ikisongamana vya kutosha ndani ya chuma hicho, viini vyake vitaungana. Wakasema kwamba kwa kila wati moja waliyoingiza walipata joto la takriban wati nne, na kwamba hakuna tendo la kemia linaloweza kutoa joto kiasi hicho kwa muda mrefu hivyo.

Ili uelewe kwa nini watu walilipokea dai hili kwa mikono miwili, zitazame siku zenyewe. Ajali ya Chernobyl ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Siku iliyofuata baada ya tangazo, tarehe 24 Machi, meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska na kumwaga mafuta baharini. Na hapo hapo watu wanaambiwa kwamba deuteri iliyomo katika lita moja ya maji ya bahari, ikiunganishwa yote, ina nishati inayokaribia ile ya lita 300 za petroli. Hesabu hiyo ya mwisho ni sahihi, na ndiyo inayowapa hata leo wataalamu wa muungano wa joto kali sababu ya kuendelea. Sioni aibu yoyote katika tumaini la aina hii, na mtu aliyewahi kusomea mtihani kwa mwanga wa kibatari hawezi kulicheka.

Kosa la kwanza halikuwa la vipimo, lilikuwa la haraka. Katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, mwendo wa kilomita kama 70 kutoka Salt Lake City, mwanafizikia Steven Jones alikuwa akifanya majaribio yanayofanana na hayo, akitafuta nyutroni badala ya joto. Pande hizo mbili zilikuwa zimeelewana kupeleka makala zao pamoja kwa jarida la Nature tarehe 24 Machi. Viongozi wa Utah, wakihofia hataza na fahari ya kuwa wa kwanza, wakaita waandishi wa habari siku moja kabla. Kwa hiyo ulimwengu ulilisikia dai kabla ya wataalamu kuisoma makala, na maabara nyingi zikalazimika kuanza kuiga jaribio kwa kutazama picha za televisheni na kukadiria ukubwa wa fimbo. Mwezi Aprili bunge la jimbo la Utah likatenga dola milioni 5, na chuo kikaliomba bunge la taifa dola milioni 25. Fedha zilitangulia uthibitisho, na tangu hapo kila aliyeuliza swali alionekana kama adui wa jimbo.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo, ambacho ningependa wanafunzi wako wakikalie kwa kipindi kizima. Dalili ya mvua ni mawingu, na muungano wa viini nao una mawingu yake. Viini viwili vya deuteri vinapoungana, fizikia inajua kwa vipimo vya miaka mingi ni nini hutokea: karibu nusu ya mara hutoka triti (hidrojeni yenye nyutroni mbili) na protoni, na karibu nusu nyingine hutoka heli-3 na nyutroni. Mara chache mno, takriban moja katika milioni kumi, hutoka heli-4 pamoja na mionzi mikali ya gama. Hayo ndiyo majivu ya moto huu. Waambie wanafunzi wapige hesabu: kila muungano hutoa kwa wastani nishati ya elektroni-volti milioni 3.65 (elektroni-volti ni kipimo kidogo mno cha nishati), kwa hiyo ili kupata wati moja tu ya joto inahitajika miungano trilioni 1.7 kwa kila sekunde, na karibu nusu yake itatoa nyutroni. Mtu anayekaa mita moja kutoka kwenye chombo kama hicho bila kinga angepata dozi ya kuua ndani ya saa chache. Fleischmann na Pons walidai wati kadhaa, nao walikuwa hai, wazima wa afya, wakizungumza na waandishi. Nyutroni walizodai kuziona zilikuwa pungufu kwa zaidi ya mara milioni, na hata mchoro wa mionzi ya gama waliouleta kama ushahidi ulipochunguzwa na wanafizikia wa MIT ulionekana hauna umbo ambalo mionzi ya kweli ya nyutroni ingelileta.

Wapo waliojibu, na bado wapo wanaojibu, kwamba ndani ya chuma mambo huenda njia nyingine: viini huungana na kuwa heli-4, na badala ya mionzi ya gama nishati yote humezwa na mpangilio wa atomi za paladi ikawa joto. Jibu hili si la kipuuzi, lakini lina gharama kubwa. John Huizenga, mwanakemia wa nyuklia aliyeiongoza, pamoja na Norman Ramsey, kamati ya wizara ya nishati ya Marekani iliyolichunguza dai hilo, alisema kwamba linahitaji miujiza mitatu kwa mpigo: viini vivuke msukumano wao bila joto, njia mbili za kawaida zizibwe, na mionzi ya gama ipotee bila alama. Muujiza wa kwanza pekee ni mzito kuliko unavyodhaniwa. Watu huamini kwamba paladi huvibana viini vya deuteri pamoja, kumbe ndani ya paladi hukaa mbali zaidi kuliko vinavyokaa katika molekuli ya kawaida ya gesi ya deuteri. Na katika molekuli hiyo ya kawaida, kwa hesabu aliyoifanya Steven Koonin na mwenzake mwaka huohuo wa 1989, ungekusanya deuteri yenye uzito wa Jua zima ungetarajia miungano michache tu kwa mwaka.

Kama majivu hayapo, lile joto lilitoka wapi? Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nimefundisha elektrokemia kwa miaka mingi na najua jinsi kupima joto kunavyoonekana kazi ya mtoto wa shule ilhali kunawashinda watu wazima. Chukua mfano huu. Umepitisha mkondo wa ampea moja kwa volti nne, kwa hiyo umeingiza wati nne. Sehemu ya nishati hiyo haibaki kuwa joto. Inatumika kuyavunja maji mazito kuwa deuteri na oksijeni, na gesi hizo huondoka nayo. Kwa maji mazito sehemu hiyo ni volti 1.54 mara mkondo, yaani wati 1.54. Basi unatarajia kupima joto la wati 2.46, na chochote kinachozidi hapo unakiita joto la ziada. Lakini kama baadhi ya gesi hizo zinaungana tena kuwa maji humohumo chomboni, zinairudisha nishati uliyokwisha kuitoa katika hesabu, na unaona ziada ambayo si ziada. Ongeza hapo kwamba kimiminika kisipokorogwa vizuri huwa na joto tofauti juu na chini, kwamba kipimajoto kimoja hukuonyesha mahali kiliposimama tu, na kwamba makadirio ya joto linalopotea kupitia kioo hubadilika maji yanapopungua. Katika maabara ya kufundishia nimewahi kuona ziada ya asilimia 20 ikitoweka siku tulipohamisha kipimajoto kwa upana wa vidole viwili.

Haki inanilazimu kusema kwamba watetezi wa dai hawakuzipuuza hoja hizi. Baadhi walipima maji yaliyobaki ili kuonyesha kwamba gesi hazikuungana tena. Wengine, kama Michael McKubre katika taasisi ya SRI ya California, walijenga vyombo vilivyofungwa kabisa na kuendelea kuripoti ziada ndogo kwa miaka. Lakini ziada hiyo haikuwa mtumishi anayeitika akiitwa. Fimbo moja ya paladi ilitoa, pacha wake aliyekatwa kutoka kipande kilekile hakutoa, na hakuna aliyeweza kumwandikia mwenzake maelekezo ambayo yakifuatwa neno kwa neno yangeleta joto.

Majira ya machipuko ya mwaka huo yalipita kama mawimbi mawili. Tarehe 12 Aprili, mjini Dallas, wanakemia wapatao 7,000 walimshangilia Pons. Siku hizo Taasisi ya Teknolojia ya Georgia ilitangaza kwamba imeona nyutroni, na baada ya siku chache ikajirudi, kwa sababu kifaa chake cha kuhesabu nyutroni kiliathiriwa na joto lenyewe. Namheshimu sana mtafiti anayejirudi hadharani namna hiyo. Mwezi Mei mjini Baltimore, mbele ya wanafizikia, Nathan Lewis wa Caltech alieleza jinsi kundi lake lilivyotafuta joto, nyutroni, triti na heli bila kupata kitu. Maabara ya Harwell nchini Uingereza, ambayo Fleischmann mwenyewe aliisaidia, iliacha mwezi Juni. Mwezi Novemba kamati ya Huizenga na Ramsey ikasema kwamba ushahidi hautoshi kuanzisha mpango maalumu wa serikali, ingawa haikupinga fedha za kiasi kwa majaribio yaliyopangwa vizuri. Taasisi ya kitaifa ya muungano baridi iliyofunguliwa Utah mwezi Agosti 1989 ilifungwa mwaka 1991.

Hapo ndipo mwanafunzi wako wa kwanza husema: mnaona, wameuzima. Mwulize swali moja tu, nani aliyeuzima, na kwa faida ya nani? Mwaka 1992 watu wenye uhusiano na Toyota waliwafungulia Fleischmann na Pons maabara kusini mwa Ufaransa, wakaigharimia hadi mwaka 1998. Serikali ya Japani, nchi inayoagiza karibu mafuta yake yote kutoka nje, iliendesha mpango wake wa miaka kadhaa. Nchini India watafiti wa kituo cha nyuklia cha Trombay walianza majaribio mwaka huohuo wa 1989. Nchi hizi huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake kutoka nje, kwa hiyo hazina sababu ya kuwalinda wenye visima. Zingepata hata dalili thabiti moja ya joto la kweli, zingeligeuza kuwa mitambo kabla ya mwenye mafuta yeyote kupata nafasi ya kunung'unika. Ziliacha kwa sababu joto halikuja, na naona ni dhuluma kwa wahandisi wa Japani kuwafanya ama wajinga ama wenye kununuliwa.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo mwanafunzi huyo amelishika kwa ncha yake, nalo ni kwamba wenye shaka nao walikosea, ingawa si katika fizikia. Shaka iligeuka dharau. Baadhi ya majaribio ya kukanusha yalifanywa kwa wiki chache, wakati watetezi walisema fimbo huhitaji muda mrefu kujaa deuteri, karibu atomi moja kwa kila atomi ya paladi. Wachunguzi vijana walijifunza kwamba kulitaja tu neno hilo katika ombi la fedha ni kujichimbia kaburi la kazi. Julian Schwinger, aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1965, alijiondoa katika chama cha wanafizikia wa Marekani baada ya makala zake juu ya suala hili kukataliwa. Sidhani kwamba Schwinger alikuwa na haki kuhusu paladi. Nadhani alikuwa na haki kuhusu adabu ya kusikilizana. Wizara ya nishati ya Marekani ililipitia suala hili upya mwaka 2004. Wapitiaji waligawanyika kuhusu joto la ziada, wengi hawakushawishika kwamba lina asili ya nyuklia, na matokeo yakafanana na yale ya 1989.

Naomba pia uwaambie wanafunzi kwamba neno "baridi" peke yake si kosa la kifizikia. Muungano wa viini bila joto kali upo, na uliwahi kuonekana mwaka 1956 na kundi la Luis Alvarez huko Berkeley. Hufanywa na muoni, chembe inayofanana na elektroni lakini nzito mara 207 hivi. Ikichukua nafasi ya elektroni katika molekuli huvivuta viini karibu mara 200 zaidi, navyo huungana hata katika hidrojeni iliyopozwa hadi kuwa kimiminika. Jones wa Brigham Young alikuwa mtaalamu wa jambo hili. Tatizo ni bei: muoni huishi chini kidogo ya mikrosekunde mbili na robo tu (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), na katika uhai huo huunganisha viini mara 150 hivi kwa hali bora, nishati isiyofikia ile iliyotumika kumtengeneza. Hapa majivu yote yapo, nyutroni zote zinahesabika, na hakuna anayebisha. Ndiyo maana nasema kwamba wanafizikia hawakulikataa dai la Utah kwa kuwa lilikuwa geni kwao. Wangelipokea lingekuja na mawingu yake.

Kuhusu habari za karibuni, ziko mbili zinazostahili kusomwa kwa makini. Kuanzia mwaka 2015 kampuni ya Google iliwapa watafiti wapatao 30 takriban dola milioni 10 waliangalie suala hili upya, kwa vyombo bora na bila kelele. Mwezi Mei 2019 walichapisha katika Nature kwamba hawakupata ushahidi wowote wa muungano baridi. Lakini walijifunza jinsi ya kujaza paladi deuteri nyingi zaidi na jinsi ya kupima joto katika mazingira magumu, elimu ambayo haipotei. Mmoja wa watafiti hao, Curtis Berlinguette wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, ndiye aliyeongoza utafiti wa mwezi Agosti 2025 ulioutaja.

Utafiti huo usisomwe kwa kichwa cha habari. Kundi lake lilirusha chembe za deuteri kwa nguvu ya umeme dhidi ya kipande cha paladi, jambo linalojulikana kuleta muungano, kisha upande wa pili wa kipande hichohicho likakijaza deuteri kwa elektrolisisi, mbinu ileile ya Fleischmann na Pons. Kasi ya muungano ikaongezeka kwa wastani wa asilimia 15. Volti moja tu ya elektrolisisi ilifanya kazi ambayo kwa mgandamizo wa gesi ingehitaji mara 800 ya kanieneo la hewa. Uzuri wa kazi hii ni kwamba hawakupima joto, walihesabu nyutroni. Yaani walianza na majivu. Wala hawakudai kwamba wameupata muungano baridi, kwa kuwa chembe zao zilisukumwa kwa umeme wa volti nyingi. Mtambo wao hula wati 15 na kutoa kiasi kama sehemu moja ya bilioni ya wati. Anayekuambia kwamba makala hii imemsafisha Fleischmann hajaisoma. Lakini anayekuambia kwamba kemia haina lolote la kufanya na muungano wa viini, naye sasa ana makala ya kusoma.

Kuna kundi la tatu ambalo wanafunzi wako hawakulitaja, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote mawili: wauza tumaini. Mwaka 2011, mjini Bologna, mvumbuzi wa Kiitalia Andrea Rossi alionyesha mtambo alioudai kuwa hutoa joto la nyuklia kwa kutumia nikeli na hidrojeni. Kampuni moja ya Marekani ilimlipa zaidi ya dola milioni 10, kisha pande hizo zikaishia mahakamani, na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2017. Mtambo huo haujawahi kuwekwa mikononi mwa wachunguzi huru wakaufungua na kuupima watakavyo. Fleischmann alitoa makala yake ikakosolewa mstari kwa mstari. Huo ni mwenendo wa mwanasayansi, hata anapokosea. Mtu anayekuuzia hisa za mtambo asiotaka ufunguliwe hafanyi sayansi, na kwa kuwa video za namna hii huwafikia watu wetu kwenye simu zao, ni vyema vijana wajue tofauti hiyo kabla hawajashawishi wazazi wao kutoa akiba.

Nikuongezee jambo moja ambalo hata watetezi hulipita haraka. Tuseme joto la Utah lilikuwa la kweli. Lilikuwa joto la maji yasiyofikia hata kuchemka. Mashine yoyote inayogeuza joto la nyuzi 100 kuwa umeme, ikiwa hewa ya nje ina nyuzi 25, haiwezi kwa sheria ya Carnot kupata zaidi ya asilimia 20, na mashine halisi hupata pungufu ya hapo. Mvuke wa Olkaria huko Naivasha hutoka katika miamba yenye nyuzi zaidi ya 200, na ndiyo maana unazungusha mitambo kwa faida. Joto la vuguvugu lingetufaa kukaushia mazao na kuogea, nalo ni jambo jema, lakini safari kutoka fimbo ya paladi hadi taa ya kijijini ingebaki ndefu.

Umeuliza kama mtu mwenye akili timamu bado anaweza kutumaini. Anaweza, mradi ajue anatumaini nini. Mwaka 2023 serikali ya Marekani, kupitia shirika lake la utafiti wa nishati ARPA-E, ilitoa dola milioni 10 kwa makundi manane ili yatafute jibu la mwisho kwa vipimo vya nyuklia na vya joto kwa pamoja. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Fedha hizo ni ndogo, na swali la jinsi viini vinavyotenda ndani ya chuma ni swali la kweli. Tumaini la kuziacha kazi za jua, upepo, maji na mvuke wa ardhini tukisubiri fimbo ya paladi, hilo silipi hata siku moja ya kusubiri.

Mimi nimejiwekea mapema kipimo cha kunibadilisha mawazo. Muungano wa deuteri kuwa heli-4 hutoa elektroni-volti milioni 23.8 kwa kila kiini, kwa hiyo joto la wati moja ni lazima liambatane na viini vya heli takriban bilioni 260 kwa sekunde, si zaidi, si pungufu. Mapema miaka ya 1990 Melvin Miles, katika maabara ya jeshi la majini la Marekani huko China Lake, aliripoti kwamba heli na joto vilipanda pamoja. Lakini heli iliyopimwa ilikuwa ndogo sana, na hewa tunayovuta ina heli ya kutosha kuivuruga hesabu hiyo kwa tundu lisiloonekana kwa macho. Nionyeshe chombo cha chuma kilichofungwa ambamo heli inapita kiwango kilichomo katika hewa na bado inaendelea kupanda sambamba na joto, kisha chombo pacha chenye maji ya kawaida ambamo havipandi, na maabara tatu zisizopendana zikipata namba moja. Wape wanafunzi wako wakokotoe ni siku ngapi chombo cha lita moja, kikitoa wati moja, kingehitaji ili kuvuka heli ya hewa, ambayo ni sehemu 5.2 katika milioni. Wataona kwamba ni siku chache tu, si miaka, na watauliza wenyewe kwa nini baada ya zaidi ya miaka 30 chombo hicho bado hakijaletwa mezani.